Kilo ya Mama Nyongeza

Siku walipombeba mdogo wangu mabegani wakamzungusha soko zima, mimi ndiye niliyepiga vigelegele kuliko wote. Sauti ilinikauka siku mbili. Nikawa nauza kunde kwa ishara.

Mdogo wangu ni mkaguzi wa mizani. Sokoni wanamwita Nukta, kwa sababu hazidishi wala hapunguzi. Ukimwuliza saa, hakwambii "saa tatu hivi." Anakwambia saa tatu na dakika saba. Nimemlea mimi tangu mama alipotutoka, na hata utotoni nikimgawia mkate alikuwa anavipima vipande viwili kwa kidole, na kama chake ni kikubwa ananimegea. Mtu wa kuudhi kweli kweli, na sina mwingine duniani ninayempenda kama yeye.

Walimbeba kwa sababu alimkamata Bwana Jumla, yule tajiri aliyekuwa akituuzia magunia. Mizani ya ghala lake ilikuwa imechezewa, gunia la kilo mia halifiki tisini na nne. Watu wa Jumla wakampelekea Nukta bahasha nene. Akairudisha mbele za watu, haijafunguliwa, na ghala likafungwa siku hiyo hiyo. Lo, soko lililipuka! Mwenyekiti wetu, muuza nyama mwenye tumbo la kuheshimika, alipanda juu ya kreti akapaza sauti, "Huyu ni shujaa! Tungekuwa na kumi kama huyu, nchi ingenyooka!" Akaitwa mchoraji wa mabango, akamchora Nukta kwenye ukuta wa getini, uso mkubwa kama mlango, na chini yake maneno mekundu: ADUI WA WAPUNJAJI.

Nilipoyasoma maneno yale, nilikatiza kigelegele katikati. Ngoja nikwambie kwa nini.

Miaka tisa iliyopita, nilipofungua banda langu la nafaka, shangazi alikuja kunifunda biashara. Alisimama pale wanaposimama wateja, akaviegemeza viwiko mezani, akaninong'oneza. "Mwanangu, ukipima kwa haki utakufa maskini. Chukua hiki." Akanipa kipande cha chuma, upana wa kifuniko cha soda, unene wa kidole, kizito kwelikweli. "Kibandike chini ya sahani ya kulia. Gundi ya fundi viatu. Halafu usiiache mizani tupu hata siku moja, jiwe la kilo likae palepale, watu wasione inavyoinama." Nikabandika.

Basi miaka tisa nimeishi nikijua mimi ni mwizi. Mteja akiniambia "asante" naona haya. Kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, kila Jumatatu ananunua kilo ya maharage, na kila Jumatatu ananiambia, "Mwanangu, maharage yako yana baraka. Yanajaza kopo langu hadi shingoni." Mimi huku natabasamu, huku jasho linanitiririka mgongoni. Nilidhani ananikejeli kistaarabu, kama walimu wanavyofanya.

Na utajiri alioniahidi shangazi? Hata harufu yake sikuisikia. Wateja walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote, foleni mpaka kwenye nyanya za jirani, lakini kila gunia nikilipima linaisha kabla ya hesabu niliyoitegemea. Nikasema hii ndiyo laana ya wizi. Mara mia nilitaka kukibandua. Nikawa nasema kesho. Wewe unaijua kesho.

Wiki tatu baada ya sherehe, Jumanne saa tatu asubuhi, Nukta aliingia sokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, na mizani yake ndogo kwapani. Watu wakamshangilia. "Shujaa wetu! Leo unamkamata nani?"

"Leo nakagua mabanda yote," akasema. "Thelathini na mbili."

Hapo ungesikia nzi akitua kwenye nyama ya mwenyekiti.

"Na nitaanza na la dada yangu," akaendelea, "ili mtu asije akasema."

Jamani! Soko zima likatuzunguka, wengine wakapanda juu ya magunia. Nikamwangalia yule mtoto niliyempa mkate, nikamwambia kimoyomoyo, mdogo wangu, pita, nenda kwa muuza vitunguu, mimi ni dada yako. Yeye akasema kwa adabu, kana kwamba hatukunywa chai pamoja asubuhi ile, "Dada, nipimie kilo ya maharage, kama unavyompimia mteja yeyote."

Nikapima. Akayachukua, akayamwaga kwenye mizani yake. Akaangalia. Akayatoa, akayarudisha, akaangalia tena. Mara ya tatu akavua miwani akaifuta.

"Kilo moja na gramu hamsini," akasema. "Imezidi."

"Nini?" Nadhani mimi ndiye niliyepiga kelele hiyo.

"Imezidi gramu hamsini, dada."

Watu wakaangua shangwe! Mwalimu alikuwa mbele na kikapu chake, akapiga makofi mpaka kikapu kikamponyoka. "Nilisema mimi! Baraka! Miaka tisa anatuongezea, wala hajasema neno!" Wanawake wakanikumbatia. Mwenyekiti akanishika mkono akautikisa kama anachota maji kisimani. Na katikati ya makelele yale yote nikamwona tena shangazi, amesimama upande wa wateja, viwiko mezani, ananiambia kulia. Kulia kwake! Mimi nikabandika kulia kwangu, chini ya sahani ya mawe badala ya sahani ya nafaka. Miaka tisa nilikuwa najiibia mwenyewe kwa bidii!

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Watu wakasema, tazama unyenyekevu wake.

Ila nilimwona Nukta akiinua sahani zangu, moja, kisha ya pili. Akakiona. Akakibandua kwa kisu kidogo, akakitia kwenye bahasha, akaandika kitu kwenye fomu yake. Akanitazama kidogo tu. Halafu akaenda kwa muuza vitunguu.

Kufika saa nane mchana, mabanda ishirini na saba yalikuwa na karatasi nyekundu ya kufungwa mlangoni. Muuza dagaa, sumaku. Muuza sukari, jiwe lililotobolewa tumbo. La mwenyekiti usiniulize. Mizani yake ilikuwa na vitu vingi vya kubandika kuliko nyama.

Na hapo ndipo nilipowajua watu wa soko letu. Asubuhi shujaa, jioni shetani! "Huyu kijana ana kichaa," mwenyekiti alisema, juu ya kreti ile ile. "Bwana Jumla alikuwa anatuibia. Sisi tunajitafutia riziki. Ni vitu viwili tofauti!" Watu wakaitikia, "Tofauti kabisa!" Mchoraji akatumwa, na kufikia jioni Nukta alikuwa na pembe mbili na meno ya mbwa pale ukutani. Damu ilinichemka. Nilitaka kumnyang'anya mchoraji ndoo ya rangi nimvishe kichwani.

Kumbe hawakuwa wamemaliza. Siku ya pili wakaona soko bila shujaa halipendezi, wakanikumbuka mimi. Mchoraji akarudi. "Ukuta ni mmoja, Mama, na rangi ni chache," akaniambia, "lakini pua yenu ni ile ile." Akafuta pembe, akamvisha mdogo wangu kilemba na hereni kubwa mbili, akaandika chini: MAMA NYONGEZA, MWAMINIFU WETU. Nilikuwa na ndevu kidogo kidevuni, lakini hakuna aliyejali. Watoto wakawa wananipisha njiani. Waliokuwa na ugomvi wakaniletea niamue. Na mimi, sikufichi, siku mbili zile nilifurahi. Nilitembea shingo juu kama mtu aliyefunga nguo mpya. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi mwenyekiti akaja bandani na karatasi iliyochapwa vizuri. Alinisomea kwa sauti ya taratibu: "Sisi wafanyabiashara, tunaoamini uaminifu utokao moyoni, usiohitaji kukaguliwa, kama alivyotuonyesha Mama Nyongeza, tunaomba mkaguzi huyu ahamishwe kituo cha mbali." Akanipa kalamu. "Saini yako iwe ya kwanza. Mkubwa wake wa kazi anakuja Jumamosi. Ukisaini wewe, dada yake, tena mwaminifu, hana pa kupita."

"Nitasaini mbele ya huyo mkubwa," nikamwambia. Alifurahi akanipa maini kilo nzima. Nilipoyapima nyumbani, walau yalikuwa yamefika.

Jioni hiyo Nukta alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi sebuleni. Nikamsimamia.

"Uliona," nikasema.

"Niliona."

"Umeandika nini?"

"Nilichokiona, dada." Akageuza kola. "Sikuandika nisichokiona."

"Wanataka kukuhamisha. Wewe unapiga pasi tu?"

"Lina mikunjo," akasema. Halafu pasi ikasimama juu ya shati, akasema bila kuniangalia, "Wakinihamisha, nani atakunywa na wewe chai asubuhi?" Nikaondoka haraka nikaenda kulia jikoni, maana tukianza kulia wawili shati lingeungua.

Jumamosi chumba cha kamati kilijaa hadi ngazi. Mkubwa wa Nukta, mama mrefu asiyecheka, alikaa mbele na faili. Wateja nao walikuja, Mwalimu kiti cha kwanza. Mwenyekiti akatoa hotuba ya uaminifu, machozi yakimlengalenga, akanikaribisha kwa makofi. Karatasi mezani, kalamu juu yake. Nikainuka. Nilijua nikisema neno moja, kilemba na hereni vyote vinatoka. Nisiposema, anaondoka mdogo wangu.

"Kabla sijasaini," nikasema, "Nukta, leta bahasha."

Akaileta. Nikakitoa kile chuma, nikakiinua juu.

"Hiki kilikuwa chini ya mizani yangu. Nilikibandika kwa mkono wangu, miaka tisa, kuwapunja nyinyi. Nilikosea sahani! Shangazi alisema kulia, yeye kanielekea, mimi nikabandika kulia kwangu. Hamkupata nyongeza yangu. Mlipata upumbavu wangu. Huo uaminifu utokao moyoni mnaotaka kuusaini, basi uangalieni vizuri, ni huu hapa, na uliwekwa kwa gundi ya viatu. Mwaminifu mmoja tu nimemwona soko hili, na mmempachika pembe."

Mwenyekiti akafunua mdomo ukabaki hivyo. Halafu nikasikia kama birika linachemka. Mwalimu. Anacheka, amejishika mbavu, machozi yanamtoka. "Miaka tisa!" akasema. "Mwizi asiyejua kulia na kushoto! Na mimi nimefundisha mtaa huu wote!" Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, hata muuza dagaa, hata mimi. Yule mama mrefu aliinamia faili lake, mabega yakimtikisika.

Alipopata pumzi akasoma fomu yangu. "Kipande cha chuma, gramu hamsini, chini ya sahani ya mawe. Kusudi: halijulikani." Akamtazama Nukta. "Nilitaka kukuuliza hapa."

"Sikuwa nimelipima, mkubwa." Nukta akafungua kalamu. "Sasa linajulikana." Akaandika. Kisha akachana karatasi nyekundu kwenye kitabu chake, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Dada, banda lako limefungwa siku saba. Kuanzia sasa, saa nne na dakika kumi na mbili."

"Asante, mdogo wangu," nikasema, na sijawahi kushukuru hivyo kwa dhati.

Yule mama akamgeukia mwenyekiti. "Bado mnasaini?"

Mwenyekiti akaangalia karatasi. Akaangalia wateja, wamejaa mpaka ngazini, wote wanamkodolea. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. "Hii ilikuwa rasimu tu," akasema. Halafu akapanda kiti, maana kreti haikuwepo. "Ndugu zangu! Mmeona mtu huyu? Anamfungia hata dada yake wa tumbo moja! Tungekuwa na kumi kama huyu!" Wakambeba. Naapa, wakambeba tena kuteremka ngazi, na aliyeshika mguu wa kushoto alikuwa mwenyekiti. Nukta juu kule anashikilia miwani, anawaambia washuke polepole, ngazi ni kumi na tisa.

Mchoraji akafuta hereni, lakini ile ya kulia ilikuwa ya rangi ya mafuta, ikagoma. Mpaka leo mdogo wangu yuko ukutani na hereni moja.

Siku saba zikapita. Jumatatu nikafungua banda, mizani mpya, imepimwa na kugongwa muhuri na Nukta mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya ajabu, nyepesi, kama nimetua mtungi. Mteja wa kwanza, Mwalimu. Nikampimia kilo ya maharage, kilo ya haki, ya kwanza kumpimia tangu anijue. Akatoa kopo lake kikapuni, akamimina palepale mezani. Akachungulia. Akalitikisa. Akachungulia tena.

"Mbona halijafika shingoni?"

"Ndiyo kilo yenyewe, Mwalimu."

"Kilo yenyewe?" Akawageukia waliokuwa kwenye foleni, kopo juu. "Njooni muone! Amefungiwa wiki moja tu, karudi anatupunja!"

Foleni nzima ikaanza kuguna. Mmoja akasema alijua tu, mwizi ni mwizi. Mwingine akauliza yuko wapi yule mkaguzi, aitwe haraka. Nami nikashika meza yangu kwa mikono miwili, nikacheka, nikacheka mpaka Nukta alitoka mbio kwenye banda la nyanya kuja kuona nimepatwa na nini.