Mstari wa Kibwana

1.

TANGAZO. Uongozi wa redio unawajulisha wafanyakazi kuwa Bi. Zamoyoni Shekalaghe si mtumishi wetu tena. Hifadhi ya sauti za wazee, iliyobuniwa na Bw. Kibwana Mhina, itaendelea chini ya usimamizi wake.

2.

Iliyobuniwa na.

Zamoyoni aliishia hapo, akarudia. Yeye ndiye aliyepanda vilima vya Lushoto na kinasa sauti begani, akibembeleza vikongwe waimbe. Kibwana alikuwa akishika mwavuli.

3.

*Ruhusa imekataliwa (ufunguo wa umma).*

Ndivyo seva ya redio, kompyuta inayotunza zile sauti, ilivyomjibu alipojaribu kuingia akiwa nyumbani.

4.

Wewe unayesoma, kama hujui: funguo hizi ni pacha. Wa siri hukaa kwenye kompyuta yako. Wa umma huandikwa ndani ya seva, mstari mmoja. Zikitambuana, unaingia. Zisipotambuana, hata ulie, huingii.

5.

Jina la mtumiaji? Sahihi.

Ufunguo? Ule ule.

Basi wamefuta mstari wake. Washenzi.

Hapana. Juu ya lile jibu palikuwa na onyo, hasira ilimfanya alipite. Faili la ufunguo wake wa siri lilikuwa wazi, yeyote mwenye kutumia kompyuta ile angelisoma. Na siri isiyofichwa haikubaliki. Akalifunga, likawa lake peke yake. Akajaribu tena.

Karibu.

Walimfukuza mtu, wakasahau ufunguo wake.

6.

Angeweza kufuta kila kitu. Lakini wale bibi hawakumkosea.

Akautafuta mstari wa ufunguo wa Kibwana. Akaukata, akauweka kwenye kompyuta yake.

7.

"Zamoyoni, za siku nyingi," Kibwana akasema kwenye simu.

"Nzuri."

"Seva imenigomea. Inasema ruhusa imekataliwa."

"Jina la mtumiaji umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Na faili la ufunguo, liko wazi?"

"Nimelifunga, kama ulivyonifundisha."

"Angalia tena."

Akamsikia akibonyeza, akihema, akibonyeza. Utamu ukampanda Zamoyoni hadi kwenye ufizi.

"Bado," Kibwana akasema.

"Pole. Anza upya, taratibu."

8.

"Si kwa ajili ya redio," Kibwana akasema baadaye, sauti imeshuka. "Mama ametutoka. Kesho ni arobaini yake. Wajukuu wanataka kumsikia, na sauti yake ipo humo tu. Ule wimbo aliouimba akipeta mchele."

Zamoyoni aliukumbuka. Kikongwe yule alimlazimisha ale kwanza ndipo aimbe.

Utamu ukamtoka.

9.

"Nani alimrekodi?" akauliza.

"Wewe."

"Kaseme hivyo hewani."

Mtoto alikuwa akilia mahali fulani nyuma ya Kibwana, mtu akimbembeleza.

"Nikisema, utanirudishia mstari wangu?"

Zamoyoni hakuwa amemtajia mstari wowote.

Kibwana alijua, basi. Alijua muda wote ule alipokuwa akiambiwa angalia tena, na aliangalia tena.

Simu ikiwa bado sikioni, Zamoyoni akafungua kinywa, asijue amjibu kama mwizi au kama mgeni aliyelishwa na mama yake.