Difu ya Mbele Ilikwenda Manyoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungwa difu mbili za gari mwilini, moja kifuani na moja kiunoni, na zilikuwa hazisalimiani.

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya mchana nikiwa macho kabisa. Mwezi uliopita niliweka matairi makubwa kwenye gari langu, yale ya kumfika mtu kiunoni, maana nilitaka kwenda tena upande wa Manyoni, kuangalia kama njia ya Itigi bado iko pale nilipoiacha. Gari likapendeza. Ila likawa haliwezi tena kupanda kwetu, juu milimani Upare. Likifika kona ya kwanza linahema, linazima, linarudi nyuma kwa adabu.

Fundi Mgonja wa pale Same akaniambia, "Mzee Senzia, tairi kubwa ni hatua ndefu. Injini ile ile, mlima ule ule, hatua ndefu. Itakufia. Badilisha difu, mbele na nyuma."

Akanieleza. Difu ni yale meno ya chuma yanayopokea mzunguko wa shafti kutoka kwenye injini na kuzungusha matairi. Niliyonayo, shafti inazunguka mara nne na kidogo ndipo tairi lizunguke mara moja. Hiyo ni ya masafa. Ipo nyingine, mara tano na kidogo. Hiyo ni ya mlima. "Utapanda kama mbuzi," akasema. "Lakini kwenye lami utapitwa na bodaboda iliyobeba mkaa."

Hapo hapo mke wangu, Mama Namkunda, akapiga simu kutoka nyumbani mlimani. "Jumapili mjukuu wako anapata kipaimara. Mara tatu umesema unakuja. Usipofika mara hii, baki huko huko na matairi yako."

Nikafikiri kwa elimu yangu yote niliyoiokota katika shule tano, nikapata jibu. Nikamwambia fundi, "Nyuma weka ya mlima. Mbele acha ya masafa. Nitakuwa nayo yote mawili."

Fundi Mgonja akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Mzee, nenda kalale. Asubuhi uniambie tena hivyo hivyo, bila kucheka."

Nikanywa chai kwa andazi moja, nikalala.

Niko gereji. Ni saa nne asubuhi. Fundi Mgonja anakaza nati ya mwisho kwenye ubavu wangu.

"Gari lako naliheshimu," anasema. "Nimeona tujaribu kwa mwenyewe kwanza."

Nawaamkia wageni wangu, maana sijui umri wa chuma. "Shikamooni."

"Marahaba, baba," inajibu difu ya kiunoni, kwa sauti ya mama aliyebeba ndoo nyingi maishani.

Ya kifuani ina sauti ya mpiga debe. "Twende, twende, tunachelewa!"

"Tunachelewa wapi?"

"Popote."

Kwenye lami hakuna shida yoyote. Kiuno kinasukuma, kifua kinafuata tu na kusifia mandhari. Najiambia, unaona? Mafundi wanapenda kutisha watu.

Tunafika chini ya mlima, penye matope. Kuna kibao: HAPA WEKA ZOTE NNE. Mimi ni mtu wa kufuata sheria za barabarani. Nainama, naweka mikono chini, sasa natembea kwa mikono na miguu.

Hapo ndipo mwili wangu unaanza kubishana.

Kifua kinataka hatua kubwa, kiuno kinataka hatua ndogo. Mikono imeshafika kwenye jiwe la tatu, miguu bado inalijadili la kwanza. Mkanda wangu wa suruali unaachia tundu moja, unaachia la pili. Tundu la mwisho linasema, "Baada yangu hakuna mwingine, mzee," na linakatika.

Hakuna damu wala maumivu. Panasikika tu mlio kama wa kizibo cha chupa.

Niko Manyoni, mapokezi ya nyumba ya wageni. Mhudumu ananichungulia kutoka upande wa pili wa meza.

"Mko wangapi?"

"Nusu."

"Vyumba vya nusu hatuna. Andika jina."

Naandika: Mzee Sen. Anauliza mbona jina halijaisha. Namwambia lililobaki liko na miguu. Anaona ni sawa.

"Unakwenda wapi?"

"Mbele," inajibu difu ya kifuani kabla yangu, na mhudumu anaandika.

Simu inaita kwenye mfuko wa shati. Ni Mama Namkunda.

"Baba Namkunda, miguu yako imefika."

"Imefikaje?"

"Taratibu. Kila hatua inajizungusha mara tano na kidogo, kuku wote wamekimbilia kwa jirani. Lakini imefika. Na imejifuta matope mlangoni, jambo ambalo wewe hujawahi kulifanya."

"Iambie inisubiri."

"Kwani kuna jipya gani? Miaka thelathini miguu yako iko kitandani kwangu na kichwa chako kiko Manyoni. Leo tu ndiyo nimeona kwa macho."

Difu ya kifuani inajifanya inasoma bei za vyumba ukutani.

"Nimepika makande," anasema mke wangu. "Nimeyaweka mezani, mbele ya miguu. Miguu haina mdomo."

Nasikia mfuniko wa sufuria unafunuliwa. Mvuke unatokea kwenye simu, unatanda mapokezi, una harufu ya maharage mekundu na kitunguu.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi humu," anasema mhudumu.

"Basi nakuambia hivi," anasema mke wangu. "Yakipoa, nafunga mlango. Jumapili nitaipigia pasi suruali nikaenda na hii miguu kanisani. Watu wakiuliza, nitasema mwenyewe yuko njiani. Wameshazoea."

Nainamia kifua changu. "Geuza. Turudi."

"Mimi ni ya masafa," inasema difu. "Nyumbani si masafa."

"Sasa nifanyeje?"

"Nibadilishe."

"Na Itigi je?"

"Mzee," inasema, na kwa mara ya kwanza haina haraka, "Itigi imewahi kukupigia simu?"

Nachukua ufunguo wa chumba. Unaingia sawasawa kwenye nati za ubavu wangu. Nafungua, natoa difu ya masafa, naiweka juu ya meza, na mhudumu anaiandika jina na kuipa chumba. Nyingine ya mlima, pacha wa ile ya kiunoni, imekaa kwenye droo ya stempu ya mhudumu, kana kwamba iliwahi kufika. Naifunga. Kifua kinakuwa kizito, kama nimevaa koti la mtu mwenye shamba.

Kabla sijaondoka nauliza kwenye simu, nikitaka kuongea na kiuno. "Samahani, mama. Hii mara tano naielewa. Na kidogo ni ya nini? Kwa nini isiwe tano kamili, tukajua moja?"

"Ingekuwa tano kamili," inajibu difu ya kiunoni kutoka nyumbani kwangu, "jino lile lile lingekutana na lile lile kila mzunguko. Yangelana mpaka yaishe. Kidogo ndicho kinachoyasogeza, kila jino likapata kusalimiana na kila jino."

"Kwa hiyo hicho kidogo..."

"Hicho ni chako, baba. Tembea nacho. Tano ni za mwenye makande."

Naanza safari ya kurudi kwa mikono. Kila hatua najizungusha mara tano na kidogo. Napitwa na bodaboda iliyobeba mkaa, na dereva ananipungia. Napitwa na toroli. Napitwa na mkaa wenyewe. Kwenye matope sitelezi hata mara moja. Kila kona ya mlima nafika nikielekea upande mwingine kidogo, na kila mara naona nyumba ya mtu ambayo sikuwahi kuiona, ingawa njia ile naipita tangu sina ndevu.

Mlango bado uko wazi. Miguu yangu inasimama kunipisha kiti, tunaungana bila maneno mengi. Mvuke umebaki uzi mmoja tu juu ya sahani.

Mama Namkunda hasemi pole ya safari. Anaitazama mikono yangu. "Nawa. Hiyo imetembea."

Nanawa. Ananipa kijiko. Nakijaza, nakipeleka mdomoni, naamka.

Niko chumbani kwangu Same, jua dirishani. Nikajipapasa, nikakuta miguu miwili, yangu yote. Nikampigia Fundi Mgonja kabla ya kuvaa.

"Weka za mlima. Mbele na nyuma."

"Hujacheka, mzee."

"Sijacheka."

"Ya nyuma nilishaifunga jana jioni," akasema. "Ni ya mbele tu ilikuwa inakusubiri. Njoo saa nane uchukue gari. Na uende polepole kwenye lami, watu watakupita."

"Wacha wapite. Kesho kutwa ni Jumapili, nina kipaimara."

Nikakata simu. Nikapitisha ulimi kwenye meno yangu machache, kama nifanyavyo kila asubuhi kuhakikisha hakuna lililohama usiku. Pale kwenye pengo la juu, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kimenasa. Nikakitoa kwa ukucha, nikakiangalia mwangani.

Lilikuwa ganda la haragwe jekundu. Bado lilikuwa na uvuguvugu.

Sikulitupa. Nililirudisha mdomoni, nikalimeza.