Godoro la Inchi Sita

Mwaka wa pili baada ya uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, kijiji kimoja nje kidogo ya Konde kilikuwa kimeshagawana kila kinachogawika: visima, misikiti, hata watu wa kukosha maiti. Unga wa ngano nao uligawika, maana maduka yalikuwa mawili na njia ilipita katikati. Duka la Juu lilikuwa la Mzee Sleiman, la Chini la Bwana Duni. Watu hawakujisumbua kutaja vyama kwa majina. Walisema fulani wa Juu, fulani wa Chini, na ilitosha. Mtu wa Juu alikuwa radhi kulala gizani kuliko kununua kibiriti Chini. Wa Chini naye alikuwa hivyo hivyo, ila yake aliyaita msimamo, na ya mwenzake akayaita ukaidi.

Bi Mwanamize alikuwa wa Juu. Marehemu mumewe alikuwa wa Juu, na dada yake Mwanapili alikuwa wa Juu kuliko paa. Yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya siasa. Alikuwa na mandazi ya kukanda kila alfajiri, na binti mmoja, Asma, wa kuozwa mwisho wa Shaaban, kabla ya mwezi kuandama. Kitanda kilikuwepo. Godoro halikuwepo.

Ndipo Mzee Sleiman alipokwenda Maskati kumtembelea mwanawe, na akarudi na kadi. Alikuwa ameona huko kwamba mteja mwaminifu hutunzwa, na yeye akaona atunze. Kadi ilikuwa ya manila, ina visanduku kumi na viwili. Ukinunua polo la unga, gunia zima, anagonga muhuri wake wa dele la kahawa, lile birika la shaba, kwenye kisanduku kimoja. Vikijaa vyote, unachukua godoro la sponji la inchi nane. Sharti lilikuwa moja: muhuri mmoja kwa wiki, hata ukinunua lori zima. Mzee Sleiman alitaka uaminifu, na uaminifu haununuliwi kwa siku moja.

Bwana Duni hakukubali kupitwa. Wiki haikwisha naye akatoa kadi yake, visanduku kumi, muhuri wa samaki, godoro la inchi sita. Na kwa kuwa alijua kuuma na kupuliza, aliongeza tangazo mlangoni: mwenye kadi ya Juu ailete, mihuri yake yote itahesabiwa, na juu yake atapata miwili ya kumkaribisha.

Zilipobaki wiki tatu harusi ifike, kadi ya Mwanamize ilikuwa na mihuri minane. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa kokoto, labda kokoto zingekuwa na huruma. Kwa Sleiman alihitaji wiki nne. Kwa Duni, minane na miwili ni kumi, godoro ni leo.

Alianza kwa Sleiman, kama mtu mwenye adabu.

"Mzee Sleiman, nigongee wiki mbili kwa mpigo. Wiki moja tu ndiyo inayonipiga chenga."

"Kadi ni kadi, Bi Mwanamize. Nikikugongea weye, kesho kijiji kizima kipo hapa."

"Godoro si langu. La mtoto."

"Na mtoto Mungu ambariki. Lakini muhuri ni muhuri." Akamkaribisha kahawa, na kahawa ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe.

Kutoka hapo akenda kwa dada yake. Mwanapili alikuwa uani anapepeta mchele, na mchele ule ulikuwa wa harusi. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, Asma alikuwa wake kwa kumlea. Liwa ya kumsingia, ule unga wa mti wa manukato anaosuguliwa bibi harusi mwilini, alikuwa nayo tangu mwaka jana, imefungwa kitambaani, akiichungulia kila Ijumaa kama ina miguu ya kutorokea.

"Dada, tuseme nimevuka njia. Mara moja tu. Kwa ajili ya godoro."

Mwanapili aliweka ungo chini.

"Mtoto alale kwenye godoro la watu wa Chini? Walomzika baba yetu kwa mbali, wamekaa barazani wanatutazama?"

"Inchi sita, dada. Bwana harusi anatoka Wete. Aingie chumbani akute mkeka?"

"Sisi tulikuta mikeka, na watoto wakazaliwa. Sikiza, Mwanamize. Ukivuka njia hino, harusi mie simo. Sitii mguu uani mwako, na huyo mtoto kamsinge mwenyewe."

Mwanamize alirudi kwake akiwa na hasira, na hasira ni mshauri mbaya lakini hupatikana kwa urahisi. Alijiambia damu ni nzito kuliko maji. Alijiambia dada yake huwaka na kuzimika kama moto wa makuti. Alijiambia mengi. Ijumaa baada ya sala alivuka njia, kadi mkononi, shingo imenyooka, na macho ya pande zote mbili yakamsindikiza.

Alidhani atabadilisha kadi, abebe godoro, aende zake. Lakini Bwana Duni alikuwa na kipaza sauti cha mkono. Alimsimamisha barazani, akatangaza jina lake na la marehemu baba yake, akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaipigilia ukutani kwa msumari, ya tano katika safu. Watu wa Chini wakashangilia. Kisha akampa godoro, na kadi mpya isiyo na muhuri hata mmoja, ili aanze uaminifu upya.

Jumamosi yake mandazi yalilala. Watu wa Juu hawakununua, kwa sababu unga wake sasa ulihesabiwa wa Chini. Watu wa Chini nao hawakununua. Walisema mtu aliyehama kwa godoro, kesho atarudi alikotoka kwa mto. Wanawake kumi na wawili walioahidi kuja kukuna nazi wakapatwa na maradhi ya migongo, siku moja wote. Na Mwanapili hakuwaka wala hakuzimika. Alipita njiani akimtazama mdogo wake kama mtu anavyotazama ukuta.

Usiku wa kuamkia harusi Mwanamize alimsinga Asma mwenyewe, kwa liwa ya dukani, mikono imezoea unga. Asma hakulalamika. Aliuliza mara moja tu, "Mama mkubwa haji?" Mwanamize akamwambia afumbe macho, isimwingie.

Siku ya harusi mpishi wa kukodi aliteremsha masufuria mawili ya pilau, ya watu mia mbili. Ndoa ilifungwa Wete, kwao bwana harusi, naye alikuwa aje alasiri. Saa saba ikafika, uani hakuna mtu. Kuku ndio waliokuja, na hao hawana chama. Mwanamize alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaona aibu kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alilia, na hakujificha, kwani wa kumuona nani?

Saa saba na nusu gari ikasimama. Wakateremka watu wawili, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi vizuri. Mmoja alikuwa Mzee Sleiman. Wa pili alikuwa Bwana Duni.

Walikaa mkekani, wakaletewa sinia moja, wakala pamoja, huyu akimsogezea mwenzake nyama. Mwanamize aliwatazama mpaka akasahau kulia.

"Nyie mnasemezana?"

"Tusisemezane kwa nini?" alishangaa Mzee Sleiman. "Gari la mzigo kutoka Wete tunachangia. Mtu peke yake ataliweza? Walogombana ni watu. Sisi tuna biashara."

"Pilau imekaa," alisema Duni.

"Na godoro nimeliona nikipita," aliendelea Mzee Sleiman kwa wema. "Zuri. Nilimwambia Duni achukue yale ya stoo yangu, yamehifadhika, hayana vumbi. Mie ya inchi sita siyauzi sana."

Mwanamize alinyanyuka. Aliingia chumbani, akaling'oa shuka, akaligeuza godoro. Kwenye pembe ya chini, kwa wino wa buluu, lilikuwa limegongwa dele la kahawa.

Alijitwika godoro kichwani, akatoka nalo kwenye jua, akapita katikati ya njia, maduka huku na huku, watu wamejaa vizingitini. Alilibwaga mbele ya mlango wa dada yake, pembe ile juu.

Mwanapili aliinama. Alipitisha kidole juu ya dele, akalikwangua kwa ukucha kuona kama ni la kweli.

"La Sleiman hili?"

"La Sleiman."

"Sasa mbona hukusema mapema?" Akaingia ndani, akatoka na kifurushi chake cha kitambaa, akashika godoro upande wa mbele.

Habari ilifika kabla yao. Watu wa Juu wakaja kwa sababu godoro lilikuwa la Juu. Watu wa Chini wakaja kwa sababu Duni mwenyewe alikuwa anakula. Migongo yote ikapona. Pilau haikutosha, na wakalalamika haikutosha. Mwanamize aliwatazama wakijaa uani mwake, akafurahi, na chini ya furaha akaona uchungu, maana hata mmoja hakuwa amekuja kwa ajili ya Asma.

Labda mmoja. Chumbani, Mwanapili alikuwa ameushika mkono wa bibi harusi, anaunusa.

"Nani kakusinga?"

"Mama."

"Kakusinga vibaya." Alikaa kitandani, machozi yakamwagika bila kupanguswa. "Nimekuacha usingwe na mtu asojua, mwanangu. Kwa sababu ya godoro."

Akafungua kitambaa, akaiweka liwa yake katika kijaluba, akatia marashi, akaanza upya, tangu kidole cha mguu, polepole, kama vile hakuna harusi siku hiyo. Nje vigelegele vikalia: bwana harusi amefika. Liwa ilichuruzika magotini mwa Asma, ikaingia katikati ya zile inchi sita, manjano, doa ambalo sabuni haiwezi kulitoa. Mwanamize aliliona likitanuka. Akaufunga mlango, akatoka kuwaambia watu wa Wete wangoje.