Viatu vya Wakili

Nikimkumbuka Kenga, damu hunichemka mpaka leo.

Mwaka ule wa themanini na sita kaka yangu Mahadhi aliweka mashine ya michezo ya televisheni katika chumba chetu cha mbele, hapa Malindi. Kaseti zake zilikuwa adimu, basi akazifungua, akajifundisha kuzinakili, akawagawia vijana mpaka wa Takaungu. Kampuni iliyoitengeneza mashine ikamshtaki. Akishindwa, ni jela, na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Nikenda mwenyewe Mombasa kutafuta wakili, Bwana Gitau, akaniahidi kuja Jumamosi, kabla ya kesi ya Jumatatu.

Siku hiyo Mahadhi alikuwa amekwenda Kibarani kuzikusanya kaseti zake. Nikawaambia vijana waliokuja kucheza, wakili atakuja, mpokeeni, na mjihadhari, watu wa kampuni nao wanazungukazunguka. Kisha nikaingia jikoni kukuna nazi.

Kwetu mgeni mwema huviacha viatu mlangoni. Anayeingia navyo ni askari au dalali wa mahakama. Basi alipokuja bwana mmoja mpole, akapiga hodi, akavua viatu na kukaa mkekani, wale wapumbavu hawakumuuliza hata jina. Wakamtilia kahawa.

"Wakili, sikia," nikamsikia Kenga, kijana wa Kaloleni mwenye mikono mizito. "Kitu nimekinunua, ni changu. Nikitaka kukipasua tumbo, nani wa kunizuia?"

"Mlinunua kaseti moja, mbona sasa ziko chungu nzima?" akamjibu Muhdhar, mchezaji wao hodari. "Mtu katoa jasho kuutunga mchezo, nyinyi mwagawa kama peremende. Ningekuwa mimi kampuni, ningewashtaki pia."

"Na hizo nyingine alizitengeneza nani?" mgeni akauliza taratibu.

"Mahadhi, kwa mikono yake," Kenga akasema, akamtolea vifaa vyote avione. Halafu akamgeukia Muhdhar, akamwita msaliti, akampiga kigoda cha uso. Muhdhar akaanguka akitema meno, na Kenga akampanda kifuani, akamtwanga ngumi huku yule akilia kwa sauti. Mgeni akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Nilitoka mbio jikoni. Wakati huohuo Gitau alikuwa anafika kibarazani, akasikia kilio, akaingia mbio na viatu vyake kuwaamua. Kenga akaviona viatu. Akaukamata mchi uliokuwa pembeni, akamwasha nao wa taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alipoanguka, akamwongeza mwingine.

"Kenga, huyo ndiye wakili," nikapiga kelele.

"Wakili si yule aliyevua viatu, dada?" akaniuliza, anahema, damu ya watu wawili imemrukia shatini.

Jumatatu, yule bwana mpole alisimama kizimbani upande wa kampuni, akaeleza yote aliyoonyeshwa. Hakimu akauliza nani anamtetea mshtakiwa. Gitau akasimama, taya limefungwa kitambaa, akajaribu kusema, likamtoka povu la damu. Aliandika kuomba kesi iahirishwe. Hakimu akakataa. Mahadhi akafungwa miaka miwili, akatolewa na pingu bila hata kuniaga.

Jioni Kenga alikuja kuniomba radhi. Akapiga hodi kwa adabu, akavua viatu mlangoni. Nikakiokota kimoja, nikampiga nacho usoni mpaka kisigino kikang'oka.