Mamluki wa Fainali

Mwanamwema alikuwa mtu wa kusimulia. Ndilo kosa lake lote, na wala simtetei. Mwaka ule wa 2006 alikuwa akisoma kwa mtandao, kwenye kompyuta ya sebuleni kwao Stratford, London, kozi ya chuo kimoja cha Marekani: sheria za michezo ya vyuoni, nani aruhusiwe kucheza na nani afungiwe. Aliianza kwa ajili ya mdogo wake Suhaib, maana chuo hichohicho kilikuwa kimempa kijana nafasi ya kusoma bure na kuchezea timu yao ya mpira.

Katika somo la tatu mwalimu alitaka kila mwanafunzi atoe mfano wa kwao. Wenzake waliandika mambo makavu. Yeye akawasimulia fainali ya kombe la Wazanzibari wa London: binamu yao Asad kaumia mguu, mdogo wake yeye, bila kumtaja, kaingia kwa jina la Asad, kafunga mabao mawili. Kwetu mamluki, mchezaji wa kuazima jina, ni kichekesho, husimuliwa mpaka harusini. Darasa zima lilifurahi.

Somo la saba ndilo lililomkausha mate. Mchezaji aliyecheza kwa jina la mwingine, kisha akaficha kwenye fomu, hapokelewi. Na fomu ya Suhaib aliijaza yeye. Palipoulizwa kama amewahi kucheza kwa jina la mwingine aliandika "Hajawahi", akidhani kombe la mtaani halihesabiwi. Alikimbilia ukurasa wa darasa afute hadithi yake. Haifutiki. Chini yake mwalimu ameandika: "Mdogo wako ndiye Suhaib aliyeomba kwetu? Nijibu leo, kabla ya saa kumi na moja kwa saa za London."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Suhaib akaingia, viatu vya mpira mkononi, na dada yake akamweleza.

"Dada, umeiweka online? Why?"

"Nilidhani mzaha tu."

"Sema ni mdogo mwengine. Watajuaje una wadogo wangapi?"

"Mnagombania nini huko?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Hamna kitu, Mama."

Uongo wa kwanza Mwanamwema aliuandika kwa ujinga; huu angeuandika macho makavu. Zilipobaki dakika tano akaandika: "Ndiye. Fomu niliijaza mimi." Suhaib alitoka, akaubamiza mlango.

Baada ya wiki mbili barua mbili zilifika siku moja. Suhaib aliisoma yake wima: nafasi imefutwa. Ya Mwanamwema ilisema amefaulu kwa alama tisini na mbili, na mfano wake umeshinda yote darasani.

"Zinasemaje?" Mama akauliza.

Suhaib aliikunja yake, akaitia mfukoni. "Dada amefaulu."

Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mwanamwema alimsihi anyamaze. Mama akadhani binti yake anaona haya, akapiga tena.