Goti la Tuyishime

Makocha wasaidizi wawili wapya wa timu ya mpira ya Inyenyeri walifika mji wa Kamembe katika wiki moja, na kabla hawajapata hata nyumba za kupanga, wachezaji walikuwa wameshaamua wampende nani.

Wa kwanza alikuwa Antoinette Uwamwezi, kocha wa viungo, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyesomea michezo chuo kikuu kule Huye. Siku yake ya kwanza aliwakimbiza wachezaji kutoka ufukweni mwa ziwa Kivu hadi juu mjini, yeye mwenyewe akiwa mbele, na tangu hapo kilima kile kikawa ndicho kifungua kinywa chao. Kabla ya mazoezi alimsimamisha kila mchezaji peke yake na kumuuliza anaumwa wapi. Aliyesema anaumwa alipumzishwa, hata kama mechi ni kesho, hata kama ni nahodha. Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Haikupita muda, vijana wakajifunza kukaza meno na kusema wako wazima.

Wa pili alikuwa Cassien Mbarushimana, mtoto wa wakulima wa Gikundamvura, winga wa zamani ambaye mashabiki wa makamo walikuwa bado wanamkumbuka. Yeye aliletwa kuwanoa washambuliaji, lakini kazi yake kubwa ikawa kukaa na watu. Baada ya mazoezi alivua viatu, akajilaza nyasini kati yao, akataniana nao, akauliza habari za wachumba na za wazazi. Walimweleza kila kitu. Aliyegombana na baba yake alimfuata Cassien. Aliyekosa usingizi alimfuata Cassien. Antoinette walimwita Madamu, na wao kwa wao walisema kwamba Madamu ni fimbo, Cassien ni kaka.

Na timu, iliyokuwa ikiburuta mkia wa ligi, ikaanza kushinda. Wapinzani walipoanza kushika viuno katika dakika za mwisho, vijana wa Inyenyeri walikuwa bado wanakimbia. Redio ya mjini ilisema kocha mpya, Cassien, amewarudishia wachezaji moyo. Moyo ulikuwepo, ni kweli, ila mapafu yalikuwa ya kile kilima. Cassien alilijua hilo. Alipohojiwa, alitabasamu, akashukuru, na jina la Antoinette halikumtoka mdomoni. Ni jambo dogo, alijiambia. Lakini ndipo alipoanzia.

Tuyishime alikuwa mshambuliaji wa kati, kijana wa kisiwa cha Nkombo, mwenye mabega ya mpiga kasia na aibu ya mtoto wa kwanza. Wiki ile ya kuipokea timu iliyoongoza ligi, timu ya Kigali, alimngoja Cassien nyuma ya stoo ya mipira, akapandisha suruali yake ya mazoezi. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi yake iking'aa.

"Kocha, hii goti inaniuma," alisema kwa Kiswahili cha huko. "Kila nikimaliza kukimbia inavimba."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mechi ya mvua. Lakini usiambie muntu. Madamu akijua ataniweka inje, na bale ba timu ya Dar es Salaam banaotafuta bachezaji banakuja kuniangalia mimi. Nafasi kama hii hairudi."

Cassien alilibonyeza goti kwa kidole. Kijana alifumba macho, akakaza meno. Cassien aliyajua magoti. Lake mwenyewe ndilo lililomtoa uwanjani kabla ya wakati wake. Alijua anachokigusa. Lakini alilitazama pia lile jicho lililokuwa likimwangalia, jicho la mtu aliyekuja kwako kwa sababu hakuna mwingine wa kumwendea, na ikamjia raha fulani ambayo baadaye aliichukia kuliko kitu chochote. Raha ya kuaminiwa.

"Sitaambia muntu," alisema. Akachukua bandeji, akamfunga yeye mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya mechi Antoinette alimkuta Cassien kando ya uwanja akipanga koni.

"Tuyishime anakanyaga vibaya na mguu wa kushoto," alisema. "Nimemuuliza, anasema ni muzima. Lakini mimi sivutwi na maneno, naangalia miguu. Weye bachezaji banakuambia mambo yao. Amekuambia kitu?"

Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi tu. Cassien aliinama akaisogeza koni iliyokuwa tayari mahali pake.

"Hapana," alisema. "Analala vibaya tu, ana wasiwasi ya mechi."

Antoinette alimtazama kidogo. "Kama ni weye unasema, sawa," akasema, akaenda zake.

Uwanja ulijaa siku ile hadi watu wakakaa juu ya kuta. Tuyishime alifunga bao kabla ya mapumziko, kwa kichwa, na Mzee Bizimana, kocha mkuu, mtu asiyecheka, akampiga Cassien begani. Katika kipindi cha pili mpira mrefu ulipigwa kuelekea pembeni. Tuyishime aliufuata, akakanyaga kwa mguu wa kushoto ili ageuke, na hakuna aliyemgusa. Alianguka peke yake. Beki wa Kigali aliyekuwa karibu naye ndiye aliyeshika kichwa kwa mikono miwili na kuita machela. Alikuwa ameusikia mlio.

Daktari alisema kano za ndani ya goti zimekatika. Atatembea, alisema. Kuhusu kucheza, alikunja midomo, akaanza kuzungumza habari nyingine.

Wale wageni wa Dar es Salaam waliondoka bila hata kumjulia hali. Na mji ukatafuta wa kumlaumu, wala haukutafuta mbali. Ni kile kilima. Ni yule mwanamke na filimbi yake. Amewakimbiza watoto wa watu kama punda mpaka amevunja mmoja. Wachezaji walikuwa wa kwanza kulisema. Sokoni likasemwa na watu wasiowahi kukanyaga uwanjani.

Komite ya uongozi ya timu iliwaita wote wawili, pamoja na Mzee Bizimana. Antoinette alikaa wima, mikono juu ya mapaja.

"Nilimuuliza kila asubuhi," alisema. "Alisema ni muzima. Sikuridhika, nikamuuliza Cassien siku ile ile ya mechi. Aliniambia hakuna kitu. Angesema neno moja, ule kijana hangecheza."

Wote wakamgeukia Cassien. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mlango, "Ni kweli alikuuliza?"

Cassien aliona wazi jinsi maneno yangekwenda: aliuliza, nikamdanganya, nilijua. Aliwaona wachezaji wakimtazama kwa macho mengine.

"Tulikuwa tunaongea mambo mengi siku ile," alisema. "Hiyo siikumbuki."

Antoinette aligeuza kichwa akamtazama, bila hasira, kama anavyomtazama mchezaji aliyemwambia kwamba ni mzima ilhali anachechemea. Kisha akainuka, akaaga kila mmoja kwa heshima. Komite ilimfukuza kazi, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameondoka Kamembe.

Wachezaji walisherehekea. Kilima kikaachwa kwa mbuzi. Cassien alikabidhiwa pia kazi ya viungo juu ya kazi yake, na vijana walifurahi kwa sababu sasa mazoezi yalikuwa mpira na vicheko. Walishinda mechi iliyofuata, wakatoka sare nyingine. Halafu miguu ikaanza kuwa mizito. Walikuwa wanaongoza hadi dakika za mwisho, kisha wanafungwa. Mzee Bizimana alipiga kelele kando ya mstari, wachezaji walimtazama Cassien kama watoto wanaongoja kutetewa, na Cassien aliwatetea. Usiku alilala chali akisikia neno moja: hapana. Mchana alikuwa na hofu ya kitu kidogo tu, kumwona mchezaji akikanyaga vibaya, kwa sababu angelazimika kumuuliza, na hakujua atauliza kwa mdomo gani.

Kwa muda mrefu aliahirisha kwenda Nkombo. Mwishowe alipanda boti siku ya soko, akiwa na mfuko wa sukari na mchele wa Bugarama.

Mama yake Tuyishime, Mukantwari, alikuwa anaanika sambaza, vidagaa vya ziwani, juu ya wavu mbele ya nyumba. Alimpokea kama mfalme. Alimfutia kiti kwa kanga yake, akamwita Papa Kocha, akaita majirani waje wamwone.

"Ni huyu alipenda mutoto wangu," aliwaambia. "Ule mwanamuke alituvunjia mutoto, lakini huyu alimupenda. Mungu amulipe."

Tuyishime alikuwa amekaa kizingitini, mguu umenyooshwa mbele. Majirani walipoondoka alizungumza kwa sauti ya chini, akiangalia maji.

"Sikuambia muntu, kocha. Hata mama. Weye ulinifichia siri yangu, na mimi nimekufichia yako."

Cassien alikuwa amekuja akitegemea lawama. Kwa lawama alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakuwa na pa kujishika. Kijana wa watu alikuwa amekaa hapa siku zote hizi na goti lililokufa, akimlinda yeye.

"Si siri yako tu," alisema. "Weye uliomba. Kuomba ni haki yako, ulikuwa unataka kucheza. Mimi ndiye nilikuwa mukubwa pale. Niliigusa ile goti, nikajua."

"Kama ungesema, ningekuchukia."

"Ndiyo. Na ndicho nilichoogopa."

Alisimama, akamwendea Mukantwari penye wavu, akamweleza. Alieleza taratibu, tangu stoo ya mipira hadi chumba cha komite, bila kuruka. Mama yule aliendelea kugeuza samaki kwa viganja, safu kwa safu. Alipofika mwisho wa wavu alijipangusa mikono.

"Kwa hiyo ule mwanamuke alikuuliza," alisema, "na weye ukasema hapana."

"Ndiyo, maman."

"Na mimi nimemutukana mbele ya watu mpaka leo." Aliutazama mfuko uliokuwa kando ya kiti. "Hii mambo usiniletee mimi peke yangu. Mimi si niliyefukuzwa. Nenda huko ulikosema uongo, useme ukweli."

Hakumpa chakula. Mfuko wa sukari na mchele aliuacha pale pale ulipowekwa, na boti ilipong'oa nanga, Cassien aliuona bado uko chini kando ya kiti.

Mzee Bizimana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akausukuma mlango uliokuwa tayari umefungwa.

"Acha ikae hapo," alisema. "Msimu unaisha. Ukisema sasa, nimepoteza wasaidizi wawili na batoto batavunjika moyo. Yule Madamu amekwisha kwenda. Nani atafaidika?"

Yalikuwa maneno yenye akili, na kwa siku nzima Cassien aliyatembeza kichwani akijaribu kuyapenda. Hayakushika. Kesho yake, kabla ya mazoezi, alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo akawaambia wachezaji. Mmoja aliendelea kufunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Nahodha ndiye aliyesema, akitazama sakafu.

"Tuliimba siku Madamu alipofukuzwa. Tuliimba, na weye ulikuwa unapiga makofi pamoja na sisi."

Cassien aliivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi, akaenda kumwambia mwenyekiti maneno yale yale.

Cassien alimkuta Antoinette huko Bugarama, ambako alikuwa anafundisha michezo shule ya sekondari na jioni akiinoa timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Alikuwa anakusanya mipira kwenye uwanja mkavu, vumbi la kijivu limemkaa kwenye nyusi. Alimwacha aseme yote. Cassien alisema pia kwamba komite imeshajua, kwamba wako tayari kumrudisha.

"Bamenipigia simu jana," alisema Antoinette. "Nimekataa. Hapa batu banapokuwa na maumivu banasema, kwa sababu kesho yake bana kazi ya kubeba mifuko. Hakuna anayenidanganya ili nimpende."

"Naomba unisamehe."

"Sijui kama naweza," alijibu, kwa sauti ile ile ya kazini. "Weye hukunidanganya mara moja tu. Ya kwanza naielewa, ulikuwa unataka kumfurahisha mutoto. Ile ya kwenye komite ulikuwa unajifurahisha weye." Alifunga wavu wa mipira kwa fundo. "Tuyishime anafanya mazoezi gani ya goti?"

"Hakuna," alisema Cassien. "Anakaa tu."

"Tangu siku ile? Hakuna hata mumoja wenu alimuonyesha?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Akaitawala. "Jumamosi nitavuka Nkombo. Weye usikuje."

Cassien hakwenda. Alirudi Gikundamvura, akashika jembe kwenye shamba la wazazi wake, na watoto wa kijiji walipomwomba awafundishe mpira aliwaambia bado. Inyenyeri iliponea chupuchupu kushuka daraja. Alisikia redioni, akazima. Mukantwari ndiye aliyempigia simu, baada ya mvua kuanza, bila salamu ndefu.

"Goti inakunjika," alisema. "Madamu anakuja kila juma, anamuliza kwa maumivu, anamutoa jasho. Jana ametembea mwenyewe mpaka kwenye boti. Kucheza hatacheza ile ya zamani, Madamu mwenyewe amemuambia, hakumuficha. Nimeona nikuambie."

Cassien alishukuru. Alingoja aone kama kuna neno jingine, lakini mama yule alikuwa ameshakata. Alibaki amesimama shambani na simu mkononi, mvua ikimnyeshea, akijaribu kufurahi. Alifurahi kwa ajili ya kijana. Kwa upande wake mwenyewe, uzito uliokuwa kifuani ulikuwa pale pale, ila sasa, angalau, hakuna mwingine aliyeubeba kwa niaba yake. Aliiweka simu mfukoni, akainama, akaendelea kulima.