Pumzi Mia Sita na Arobaini

Mdomo wangu hauna breki, na wodi nzima inalijua hilo. Basi haya niyaseme mwenyewe, yasisemwe na wengine vibaya.

Kitanda cha tatu, chumba cha mahututi, tulikuwa na fundi saa. Mapafu yalimchoka kabisa. Mpira kooni, mashine inampumulia mara kumi na sita kwa dakika. Pembeni pampu mbili: moja ya dawa ya usingizi, nyingine ya kulegeza misuli, asije akashindana na mashine. Hapo ndipo kazi yetu inapotaka akili. Ya kulegeza ikibaki peke yake, mtu anaamka ndani ya mwili usioweza hata kukunja kidole.

Asubuhi ile pampu ya usingizi ikalia kwamba dawa imekwisha. Nikazima kelele, nikasema ngoja nivute nyingine. Lo! Kitanda cha tano moyo ukasimama. Nikaacha kila kitu nikakimbilia kule kukandamiza kifua. Katikati nilirudi mbio kuchukua glavu, nikamtupia jicho fundi, nikamwambia mwenzangu, "Wa tatu mtoto mzuri, hasumbui. Ila mkewe anajisumbua bure kuja kila siku. Huyu hatoki."

Nilipokumbuka pampu, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Fundi kalala tuli, lakini mapigo yanakwenda mbio na machozi yamemtiririka hadi masikioni. Nikamfuta, nikaweka dawa mpya. Kwenye chati nikaandika: ametulia.

Na alitoka, jamani! Wiki tatu baadaye yuko wodi ya kawaida, mpira hana, anakunywa chai mwenyewe. Mkewe, mama mpole sana, akanivuta kwenye korido.

"Sista, mume wangu anaogopa kulala. Anasema alizikwa hai, akawa anahesabu pumzi ili asipotee. Mia sita na arobaini. Daktari anasema ni ndoto za dawa, kesho anampeleka kwa daktari wa akili. Kwani ndiyo amerukwa na akili?"

Kumi na sita mara arobaini.

"Atapoa tu, mama," nikasema, nikaenda zangu. Aibu gani ile! Nyumbani nilisonga ugali nikisikia mashine inavuta, inasukuma. Watoto wananiongelesha, mimi nahesabu. Nilijua nikisema kazi itaniponyoka. Nikinyamaza, mtu mzima mwenye akili zake ataandikiwa wazimu kwa sababu yangu.

Asubuhi niliingia wodini kwake kabla ya daktari. Nilimsalimia mfanya usafi mlangoni, fundi akashika shuka kwa mikono miwili.

"Sauti hiyo naijua," alisema.

Nikavuta kiti. "Mzee wangu, hukuota. Dawa ya usingizi ilikwisha, mimi nikachelewa. Dakika arobaini. Ulikuwa macho kweli."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea yote.

"Kwa hiyo sina wazimu."

"Huna. Nisamehe."

"Na aliyesema mke wangu anajisumbua bure?"

"Ni mimi."

"Hayo ya dawa nitamweleza mwenyewe. Hilo neno lako usimwambie kamwe." Akageukia ukutani, akafumba macho.

Nikaenda moja kwa moja kwa sista mkuu, nikaandika kila kitu kwa mkono wangu. Kikao changu cha nidhamu ni Jumatatu. Sawa, na kiwe.

Nikitoka ofisini kwake nikakutana na yule mama anakuja mbio, ndala mkononi.

"Umemwambia nini, sista? Amelala! Anakoroma!" Akanikumbatia, machozi yake yakaniloa shingo. "Nilijua tu. Wengine wote walimkatia tamaa, wewe hukumkatia."

Na mimi mwenye mdomo usio na breki, nikakosa hata neno moja.